Kozi Aliyetupa Nyama

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila theluji inapoanza kuyeyuka, mwanangu, na mwanga unapoanza kurudi Stockholm kidogo kidogo. Siikumbuki kama yanavyokumbukwa mambo ya jana. Inanijia kama ndoto ya mtu aliyelala mchana dirisha likiwa wazi: sauti ziko mbali, kila kitu ni cheupe cheupe, na katikati yupo ndege mmoja ananitazama. Basi sogea hapa. Najua nikikuuliza kwa Kiswahili wewe unanijibu kwa Kiswidi, na leo sikugombezi. Nayataka masikio yako tu.

Nilikuwa kijana wa Tanga niliyeletwa huku kusomea afya ya mifugo. Ilikuwa miaka ya sabini, treni ya chini ya ardhi imefika mtaani kwetu Rinkeby juzijuzi, ngazi za majumba bado zinanuka rangi. Nilipanga chumba kwa Bi Mwanahamisi, mama wa kwetu Tanga aliyemfuata mumewe, Mzee Salimu, aliyekuwa fundi mitambo. Kwa kusema nilipanga natia chumvi. Nilikuwa mwanawe, nikila alichopika na kukaripiwa nilipochelewa.

Mwisho wa wiki nilipanda treni mpaka Jordbro, kusini mwa mji, nikachukua baiskeli niliyoiacha stesheni, nikafuata njia ya msituni hadi kwa mzee mmoja wa Kiswidi aitwaye Folke, aliyefuga kozi. Miaka ile Waswidi walikuwa wamekwisha kutupa vyeo vyao. Profesa na mfagizi wanaitana kwa majina. Folke naye akaniambia nimwite Folke. Ulimi ulikataa, mwanangu. Mtu ana mvi mpaka kwenye nyusi, nimwite Folke kama niliyecheza naye gololi? Nikamwita Farbror, ndivyo wanavyomwita ndugu wa baba. Alicheka, akaniacha nilivyo.

Kozi unamjua? Ndiye ndege wa mawindo mwenye mabawa yaliyochongoka, akishuka kutoka juu humwoni, unasikia upepo tu. Huku walikuwa karibu kwisha. Dawa zilizopulizwa mashambani ziliingia kwa wadudu, zikaingia kwa ndege wadogo, zikaishia kwa kozi anayewala. Maganda ya mayai yakawa mepesi, mama akiyalalia yanavunjika chini yake. Ndipo watu kama Farbror wakaanza kuwafuga, jike na dume katika kizimba kikubwa, wakitumaini vifaranga watakaozaliwa watarudishwa kwenye majabali. Mwaka ule, katika vizimba vyake vyote, ni jike mmoja tu aliyetaga. Mmoja tu. Farbror akipita karibu na kizimba hicho alikuwa anatembea kama mtu aliyemo msikitini.

Kazi yangu ilikuwa kutazama. Kulikuwa na tundu dogo kwenye ubao, nami nilikaa kigodani, jicho moja tunduni, mikono kwapani kwa baridi. Jike alilala juu ya mayai kwenye rafu ya changarawe. Mwanga uliingia juu kupitia wavu, ukamwangukia mgongoni. Nje matone yalidondoka kutoka paani, tone, kimya, tone, mpaka nikawa sijui kama naangalia au naota. Mara nyingine dume alikuja na kipande cha nyama, wakasemezana kwa sauti ya chini, jike akainuka, akala, akarudi kulala. Nilikuwa mbali na mama yangu, mwanangu, na sitakuficha: kumtazama yule jike kulinituliza moyo.

Farbror alinifundisha dalili. Ndege wa mawindo, alisema, huficha ugonjwa wake, kwa kuwa porini aonekanaye dhaifu ndiye anayeliwa. Kwa hiyo usingoje aanguke. Mtazame jicho: la mzima ni duara, la mgonjwa hubanwa likawa kama kokwa ya tende. Mtazame miguu: mzima akipumzika husimama kwa mmoja, mwingine ameukunja ndani ya manyoya. Tazama kinyesi, tazama manyoya kama yametuna mchana wa jua. Na zaidi ya yote, mtazame anavyokula. Nilikariri yote kama mtoto wa chuoni. Kukariri si kazi.

Sasa sikiliza palipoingia mchanga. Nilimsimulia Bi Mwanahamisi kwamba kozi wetu analalia mayai. Yule mama akaacha kukuna nazi, akauliza, "Na huyo mzazi mnampa nini?"

Kwetu mzazi ni mama aliyejifungua, na mzazi halishwi ovyo. Hupewa uji wa pilipili manga, hupewa supu, jamaa wote huulizana amekula nini. Nikamwambia kozi hupewa vifaranga wa kuku waliogandishwa kwenye friza, tunawayeyusha asubuhi.

"Mzazi anakula barafu!" akasema, akamgeukia mumewe kama ameletewa habari ya msiba. "Salimu, unasikia mambo ya watu hawa?"

Jirani yetu Mturuki alifuga njiwa kwenye kibanda cha bustani yake. Jumamosi iliyofuata nilikuta makinda mawili ya njiwa yamefungwa kwa kitambaa safi, Mzee Salimu ameyachinja mwenyewe na bismillahi juu yake. Nilicheka, lakini nilichukua. Zawadi ya mkubwa hairudishwi. Farbror alikuwa amenionyesha friza, hakuwahi kuniambia nisilete kitu cha nje, kwani nani angewaza kwamba atatokea mtu wa kumletea kozi zawadi ya uzazi? Nikapitisha njiwa kwenye kidirisha cha chakula. Jike alikula, mwanangu, alikula kwa raha ambayo sikuwahi kuiona. Jioni nilipomweleza Bi Mwanahamisi alitabasamu mpaka akajifunika uso kwa kanga.

Jumamosi iliyofuata nilirudi tunduni kwangu. Jua lilikuwa zuri. Dume akaleta kifaranga, jike akainuka upesi, akarukia nyama, akachana kipande, akakitia mdomoni. Kisha akatikisa kichwa, akakirusha. Akachana kingine, akakirusha. Akapiga miayo, mdomo wazi kwa muda mrefu, halafu akarudi kulala juu ya mayai, na chini ya rafu nikaona vipande vingi vya nyama vimekauka. Farbror naye aliviona siku zile. "Jike anayelalia hula kidogo," alisema, lakini alisema akitazama pembeni.

Mimi nilikuwa na jibu zuri zaidi. Si nilikuwa na methali? Wazee wetu wamesema, kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Maana yake, mwindaji kama kozi akilala na njaa ni kwa hiari yake, hakuna aliyemnyima. Nikaona fahari kwamba wahenga wa Uswahilini walimjua ndege huyu kabla ya Waswidi kumtengenezea vizimba. Nikakaa pale katika ule mwanga, nimeridhika. Tuna hatari hiyo sisi watu wa methali: tukishapata ya kusema, tunaona tumekwisha kuelewa.

Nilifika nyumbani, Bi Mwanahamisi yuko jikoni. Nikamsimulia kama kichekesho, nikaitia methali yangu mwishoni. Hakucheka.

"Hebu nieleze vizuri, Hemedi. Akiona chakula anakipa mgongo?"

"La, mama. Anakirukia."

"Anakitia mdomoni?"

"Anakitia, kisha anatikisa kichwa, anakitupa."

Aliweka mwiko chini. "Basi hiyo methali yako irudishe mfukoni. Kozi wa wahenga ni mzima, amekataa kwa kiburi chake. Huyu hakukataa. Anataka na hawezi. Nimemuuguza mama yangu hadi mwisho wake, mtu wa koo namjua: huja mezani wa kwanza na huondoka na njaa. Inuka upige simu."

"Saa hizi Farbror yuko mezani, mama. Nitamwambia kesho."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe si lako. Inuka."

Nikapiga. Upande wa pili Farbror akasema, "Nilikuwa naogopa kuliwaza hilo." Akaahidi kumwita daktari wa wanyama aje asubuhi.

Asubuhi ile nilimkuta Bi Mwanahamisi mlangoni amekwisha kuvaa koti, kanga juu ya koti, mkoba mkononi. Anakwenda kumjulia hali mzazi. Nilijaribu kumzuia kwa adabu, akanitazama tu. Tukapanda treni. Alikaa dirishani, mkoba mapajani, misonobari inapita na madimbwi ya theluji iliyoyeyuka yanang'aa, naye hakuuachia mkoba mpaka Jordbro. Kutoka hapo alitubeba jirani wa Farbror kwa gari lake, kwani Bi Mwanahamisi na baiskeli yangu hawakufaana.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo. Alichungulia tunduni kwa muda mrefu. Farbror alisimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Tukimkamata, huenda asirudi tena kwenye mayai," akasema Farbror.

"Tusipomkamata," akasema daktari, "mayai yatabaki hayana mama."

Farbror alivaa glavu, akaingia na taulo. Tulisikia ukelele mmoja, kisha kimya. Mayai niliyapokea mikononi mwangu, yana rangi ya udongo mwekundu na yana joto bado, tukayapeleka bandani kwa kuku mdogo wa Farbror aliyekuwa akilalia mayai ya bandia. Kuku akayakusanya chini yake bila kuuliza. Bi Mwanahamisi akaguna, "Maskini kuku wa watu, anajilelea adui zake." Ndilo neno pekee lililotuchekesha asubuhi hiyo.

Jikoni kwa Farbror walimlaza jike juu ya meza karibu na dirisha, amefungwa taulo, kichwa peke yake nje. Karibu hivyo sikuwahi kumwona. Jicho lake jeusi lilikuwa limebanwa. Daktari alinionyesha mfupa wa kifua, nikaupitisha kidole: ulikuwa umechongoka kama kisu, nyama imekwisha pande zote mbili. Akamfungua mdomo. Ndani kabisa, kwenye koo, palikuwa na utando wa manjano, mzito kama jibini. Hapo ndipo chakula kilipokuwa kinakwama.

Daktari akasema utando kama ule unaweza kuletwa na ukungu, na unaweza kuletwa na vijidudu ambavyo kozi huvipata kwa mawindo yake. Dawa ya hiki si dawa ya kile. Angechukua ute wa koo akaupime mjini, lakini ilikuwa Jumapili, na ndege yule hakuwa na siku za kungojea majibu. Akainua macho. "Amekula kitu chochote kisichotoka kwenye friza? Ndege wa nje, kwa mfano? Njiwa?"

"Hapana," akajibu Farbror. "Hapa hakuna njiwa."

Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Mwanangu, nataka ukae nami mle jikoni kidogo. Jua linaingia, birika linatoa mvuke, ndege anahema ndani ya taulo, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Na kitini pembeni amekaa mama aliyenilisha tangu nilipofika nchi hii, miguu imebanana, haelewi Kiswidi ila maneno ya dukani. Nikisema njiwa, nimemtia aibu mbele ya wageni. Nimesema kwamba mkono wake ndio ulioleta maradhi. Nimelelewa kwamba mkubwa hasutwi, na mbele za watu ndiyo kabisa. Maneno yote ya Kiswidi niliyoyajua yakanipotea.

"Wanasema nini?" akauliza Bi Mwanahamisi.

"Wanauliza kama alilala vizuri, mama."

"Daktari gani huyo anauliza usingizi huku amekukodolea macho namna hiyo? Hemedi. Wanasema nini?"

Nikaangalia sakafu. Nikasema polepole, "Wanauliza kama alikula njiwa. Njiwa huwa na ugonjwa huu."

Sikuthubutu kumtazama. Nilisikia anavuta pumzi.

"Na wewe ukanyamaza kwa ajili gani?"

"Kwa heshima yako, mama."

"Heshima yangu!" Alisimama. "Mimi nitaona haya leo, kesho nitakunywa chai. Huyu akifa, haya zangu zitamfufua? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe maradhi unayoficha si yako, kifo hakitakuwa chako. Mnyonge kama huyu hana ulimi. Ulimi wake ni wewe, nawe umeufunga kwa ajili yangu. Sema. Na useme ni mimi."

Wala hakunisubiri. Alifungua mkoba wake, akatoa kitambaa safi, akakifungua juu ya meza mbele ya daktari. Ndani yake alikuwamo njiwa mwingine, aliyechinjwa alfajiri ile, zawadi ya kumpa mgonjwa nguvu. Kumbe ndicho alichokibeba mapajani njia nzima. Akamgusa njiwa, akamwelekezea kidole kozi, kisha akaupiga mkono wake kifuani, mara mbili, ili hata asiyejua lugha aelewe.

Daktari alimtazama Bi Mwanahamisi kwa muda. Kisha akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kubwa, akafungua sanduku lake na kutoa dawa ya vile vijidudu bila kusita tena. Akasema dume naye apewe, kwani huenda walikula pamoja. Kidonge akakisukuma taratibu kando ya utando, na baadaye Farbror aliendelea kukificha ndani ya moyo wa kifaranga, kipande laini kinachopita hata koo likiuma. Yule njiwa walimchoma moto nyuma ya nyumba.

Farbror alimimina kahawa, akaweka mikate ya mdalasini mbele ya Bi Mwanahamisi. "Mwambie mama yako," akaniambia, "aliyeleta zawadi hana kosa. Mimi ndiye niliyeacha kukueleza." Nikatafsiri, safari hii neno kwa neno. Bi Mwanahamisi akajibu kwamba kosa lipo la kutosha, wagawane.

Tukarudi na treni. Alikuwa amegeukia dirishani, na nilidhani anasinzia, kumbe analia. Nikamwambia, "Mama, hukujua." Akafuta macho kwa pindo la kanga.

"Najua kwamba sikujua," akasema. "Lakini wewe ulikuwa tayari kuniacha nife sijui. Ningeendelea kuchinja njiwa, nikimlisha mzazi sumu kwa mkono wangu na kumwombea dua, nawe ukinipigia magoti kila asubuhi, shikamoo mama. Heshima hiyo usinipe tena, mwanangu."

Sijapata kukemewa hivyo kabla wala baada. Treni iliingia chini ya ardhi, mwanga ukakatika, tukaonekana wote wawili kwenye kioo cha dirisha.

Jike alipona, mwanangu, ila kwa mwendo wa kinyonga. Si mayai yote yaliyoanguliwa. Alitoka kifaranga mmoja, mweupe, mnyonge, mwenye kelele kuliko mwili wake, chini ya yule kuku aliyemshangaa sana, na Farbror akafanikiwa kumrudisha kwa mama yake. Jike alimkubali. Nilimwona kwa tundu akichana nyama vipande vidogo na kumtilia mdomoni, naye mwenyewe akimeza vilivyobaki. Kumeza tu, jambo la kawaida. Nililia pale kigodani peke yangu.

Sasa nikuusie. Anayekuwa mikononi mwako, awe ndege, awe mtoto, awe mzee, mtazame anavyokula kabla hujasikiliza anavyosema. Asiyetaka chakula na asiyeweza kukila si watu wa namna moja. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiyaona usiyatafutie methali ya kuyafukuza, hata iwe tamu vipi. Ukimwita mganga, mweleze yote: kilicholiwa, aliyekileta, hata akiwa ni mtu unayembusu mkono. Kumsema mkubwa kwa fitina ni kumvunjia heshima, lakini kumsema ili mgonjwa apone ni kumheshimu, kwa kuwa hakuna mkubwa mwenye akili anayependa kulindwa kwa roho ya mwingine. Na ukileta wewe mwenyewe madhara kwa mkono wa hisani, usikimbie. Fungua mkoba, weka mezani.

Nami nimezeeka, unaniona. Mwenyewe nimeanza tabia ya kozi: ukiniuliza nakwambia sijambo, nikiingia kwa daktari namwambia sijambo. Siku utakapokaa kando yangu kwenye kile chumba cheupe, daktari akauliza kama mzee anameza dawa zake, kama ameanguka, kama anakula, usitazame sakafu kwa ajili yangu. Mwambie. Nitanuna, na jioni utanipikia chai, tutaongea.

Mungu akupe jicho la kuona mapema na ulimi usioganda panapotakiwa neno. Wote watakaowekwa mikononi mwako wapate afueni, na wakubwa zako wakuelewe siku utakapowasema. Uwe na afya, uwe na watu, ukae kwa amani katika nchi hii na katika kila nchi utakayokwenda. Amina, mwanangu. Haya, nipe mkono niinuke.